Likiharibika, Nitamkuta Nani?

Tarehe 10 Agosti 1907, luteni mmoja wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari akiwa amedhamiria kuivuka Afrika hadi pwani ya Atlantiki. Gari lilitoka katika kiwanda cha Gaggenau, kusini mwa Ujerumani. Barabara ya kulipitisha haikuwepo. Graetz alifika Swakopmund, katika Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909, baada ya kukwama mara nyingi: mara tope, mara mafuta yamekwisha, mara kipuri kimevunjika na hakuna wa kukiuza. Alirudi kwao akaandika kitabu, na jina lake limo katika historia ya magari hadi leo. Waafrika waliofyeka njia, waliobeba petroli na kulisukuma gari lilipozama, hakuna aliyehangaika kuwaandika kwa namna hiyo.

Kwa hiyo tangu mwanzo gari lilikuja katika mji huu likiwa na jina la mtu, na jina hilo lilikuwa likitafutiwa sifa kwingine. Zaidi ya karne moja imepita. Magari yamejaa mitaa ya Msimbazi na Uhuru hadi mwenda kwa miguu anapita kwa kujipinda, na wakuu wa viwanda vya magari duniani wanajulikana kwa sura kama wachezaji wa mpira. Hata hivyo, anayenunua gari Kariakoo ana swali lake, analouliza kabla hajatazama rangi wala redio. Likiharibika, nitamkuta nani?

Swali hilo linajibiwa kila siku Gerezani, jirani na kituo kikuu cha mabasi ya mwendokasi. Maduka ya spea huko ni membamba, bidhaa zimepangwa kutoka sakafuni hadi darini: shokapu, taa za nyuma, mikanda ya injini, saiti mira zikiwa mbili mbili kwenye mifuko ya nailoni. Bampa zimefungwa kamba na kutundikwa nje juu ya mlango. Winga, kijana anayeyatafutia maduka wateja, hasubiri mteja aingie dukani. Anamkuta barabarani.

“Kaka, spea ya gari gani?”

“IST.”

“1NZ au 2NZ?”

Hizo ni namba za injini. 1NZ ni ya lita moja na nusu, 2NZ ni ya lita moja nukta tatu, na kijana aliyeuliza hajawahi kufika Japani wala hajasomea ufundi darasani. Amezishika kwa kusimama pale. Baada ya hapo atataka kujua kama mteja anahitaji mpya au used, jeniuni au ya kawaida, na bei itapanda au kushuka kwa kila jibu. Mteja naye ana lake: ikigoma itakuwaje? “Ikizingua, irudishe, mimi nipo hapa hapa.” Hakuna karatasi iliyotiwa saini. Dhamana yote imekaa katika maneno mawili ya mwisho, kwamba kesho mlango huo huo utafunguliwa na mtu huyo huyo atakuwa amesimama mbele yake.

Ni kwa kipimo hiki Toyota imepata heshima yake Dar es Salaam. Mtu hachagui IST au Noah kwa kuwa amevutiwa na hotuba ya mkurugenzi. Anachagua kwa kuwa spea zake hazimpeleki mbali, fundi wa gereji ya mtaani anaijua injini yake, na siku akitaka kuiuza mnunuzi hatakosekana. Kuna magari mazuri zaidi ambayo watu wa jiji hili huyatazama, huyasifia, kisha huyaacha, kwa sababu taa ya mbele ikivunjika itabidi iagizwe nje na gari likae juu ya mawe likisubiri.

Jiji hili, hata hivyo, limewahi kuwa na wakubwa wa magari waliopatikana, na jina lao liko wazi kwenye ukuta. Familia ya Karimjee Jivanjee, Mabohora wenye asili ya Kutch nchini India, ilianza biashara Zanzibar katika robo ya kwanza ya karne ya 19. Waliuza karafuu, wakawa mawakala wa bidhaa za Ulaya, wakaingia katika mashamba ya mkonge Tanganyika, na katika miaka ya 1940 wakahamishia makao makuu yao Dar es Salaam. Katika biashara ya magari waliingia mapema katika karne ya 20, na kutoka katika tawi hilo ndipo ilipotokea Toyota Tanzania, kampuni ambayo imekuwa wakala wa Toyota nchini tangu miaka ya 1960. Ofisi zake na ukumbi wa kuonyeshea magari mapya viko Barabara ya Nyerere, njia ambayo wazee bado huiita Pugu Road.

Lakini ukimtaja Karimjee kwa mtu wa Kariakoo, gari halimjii kichwani hata kidogo. Kinachomjia ni ukumbi.

Ukumbi wa Karimjee, ulio upande wa bahari karibu na bustani ya mimea, ulitolewa na familia hiyo kwa jiji katika miaka ya 1950. Humo ndimo Bunge la Tanganyika lilipokutana wakati wa Uhuru. Aliyekuwa kwenye kiti cha Spika mwaka 1961 alikuwa mwanafamilia, Abdulkarim Karimjee, ambaye pia aliwahi kuwa Meya wa Dar es Salaam. Mwaka 1962 kiti hicho kikachukuliwa na Chifu Adam Sapi Mkwawa. Ndugu yao wa Zanzibar, Sir Tayabali Karimjee, alitoa fedha za hospitali iliyobeba jina la familia. Baada ya Mapinduzi ya 1964 hospitali hiyo ilibadilishwa jina ikaitwa V.I. Lenin, na leo ni Mnazi Mmoja.

Hapo pana jambo la kutazama kwa makini. Hospitali ilibadilishwa jina, na mashamba ya mkonge yakaguswa na Azimio la Arusha la 1967. Mwaka 1971 sheria ya kutaifisha majumba ikawapokonya wenye nyumba wengi wa Kiasia majengo yao mjini, na familia nyingi zikafunga mizigo kwenda Uingereza na Kanada. Ukumbi wa Dar es Salaam ukabaki na jina lake. Serikali iliyojitangaza ya kijamaa, iliyokuwa na kila sababu ya kuliondoa jina la tajiri kwenye jengo la umma, haikuliondoa. Wananchi walikuwa wamekwisha kuingia humo, wamelizoea, wamelifanya lao.

Siku hizi viwanja vya Karimjee ni mahali pa kuaga. Viongozi na watu mashuhuri wanapofariki, miili yao hupelekwa hapo ili wananchi wapange foleni na kutoa heshima za mwisho. Mwezi Mei 2019 waliojipanga walikuwa wamekuja kumuaga Reginald Mengi, mwenyekiti wa makampuni ya IPP, aliyefariki Dubai tarehe 2 Mei. Mengi alikuwa mhasibu aliyeanza utajiri wake kwa kalamu, akaingia katika vinywaji, magazeti, redio na televisheni, na katika miaka yake ya mwisho alikuwa akizungumzia kiwanda cha kuunganisha magari hapa nchini kwa kushirikiana na Wakorea. Waliosimama juani siku ile hawakuja kwa sababu ya gari. Miongoni mwao walikuwamo watu wenye ulemavu, ambao kwa miaka mingi aliwaalika chakula cha mchana katika ukumbi wa Diamond Jubilee na kukaa nao. Walimjua kwa kuwa walimwona.

Ni haki kusema kwamba hisani ya tajiri haiondoi maswali juu ya jinsi alivyopata mali, na historia ya mkonge wa Tanganyika ina jasho jingi la manamba ambao hawakujengewa ukumbi. Lakini Karimjee na Mengi walikuwa na kitu ambacho mkuu wa kiwanda cha Nagoya au Detroit hawezi kukinunua kwa tangazo lolote: walikaa hapa, na mtu mwenye malalamiko alijua mlango wa kugonga.

Wapo waliotaka zaidi ya kuuza. Walitaka kuunda. Afrika Mashariki imewaona wakianza, na mara nyingi jina lilitangulia na gari likafuata nyuma kwa mbali. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, hata kama halitapendeza wala kwenda kasi. Yakatoka magari matano ya majaribio yaliyoitwa Nyayo Pioneer, kwa kaulimbiu ya rais mwenyewe, na mwaka 1990 yakaonyeshwa Kasarani mbele ya umati. Hayakuwahi kuingia sokoni. Nchini Uganda, vijana na walimu wa Makerere waliendesha Kiira EV mwaka 2011, na mwaka 2016 Rais Museveni akazindua basi la Kayoola lenye paneli za jua. Hao walikuwa na subira zaidi: kazi ikawa kampuni, Kiira Motors, na kampuni ikapata eneo la kiwanda Jinja.

Tanzania ilichukua njia ya kimya. Kibaha, mwendo mfupi kutoka Dar es Salaam, kiwanda cha TAMCO kiliunganisha malori ya Scania enzi za mashirika ya umma. Kibaha hiyo hiyo ndiko liliko shirika la Nyumbu, chini ya Wizara ya Ulinzi, lililoundwa rasmi mwaka 1985 na kutengeneza lori lenye jina hilo la mnyama. Wananchi wengi wamelisikia Nyumbu. Ni wachache mno wanaoweza kutaja hata mhandisi mmoja aliyelibuni, na hilo ni pengo. Nchi inayowajua wasanii wake wote kwa majina ya kuzaliwa na ya jukwaani ingepaswa kuwajua watu waliokaa na kuchora ekseli.

Kisha, Machi 2022, likatokea jambo ambalo halikuwa na mfano. Ali Masoud, anayejulikana nchi nzima kama Masoud Kipanya, alionyesha Dar es Salaam gari dogo la umeme lililoundwa na kampuni yake ya Kaypee. Kipanya ni mchora katuni. Kwa miaka mingi katuni zake magazetini zimesema mambo ambayo wahariri waliyaandika kwa kuzunguka. Ameanzisha kipindi cha televisheni cha Maisha Plus, kilichowapeleka vijana kuishi maisha ya kijijini, na asubuhi nyingi sauti yake imesikika Clouds FM wakati daladala zikisukumana kuingia mjini. Sasa mtu huyo huyo alikuwa amesimama kando ya gari akieleza betri. Kwa maelezo ya wakati huo, lilihitaji saa kama sita za kuchaji na lingekwenda kilomita 50 hadi 60.

Wengine walicheka, wakasema halifanani na magari wanayoyajua. Wengi zaidi walifurahi. Kilichofanya habari ile ienee ndani ya siku moja ni imani iliyokuwa imekwisha kujengwa. Watu walimwamini Kipanya kwa sababu ya kalamu yake, na imani hiyo ikahamia kwenye gari kabla mtu yeyote hajalipanda. Hii ni amana kubwa, na ni nzito. Kilomita 50 kwa siku zinamtosha kabisa mfanyabiashara anayetoa mzigo Kariakoo kupeleka Kigogo, Buguruni au Temeke na kurudi. Umeme ni nafuu kuliko petroli. Hesabu inakubali. Kinachobaki ni mambo ya Gerezani: betri yake ikichoka inapatikana duka gani, fundi gani amefundishwa kuifungua, na je, miaka mitano baadaye bado kutakuwa na mlango wa kugonga? Gari la nyumbani halitashinda kwa uzalendo wa siku ya uzinduzi. Litashinda siku winga atakapojua namba ya mota yake kama anavyozijua 1NZ na 2NZ.

Lakini gari la kawaida la Dar es Salaam halikupitia kwa Karimjee, wala Kibaha, wala kwa Kipanya. Lilikuja na meli likiwa limetumika.

Milango ya biashara ya nje ilianza kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, na miaka ya 1990 magari ya mtumba yakaanza kushuka bandarini kwa wingi. Japani ilikuwa chimbuko la kufaa. Wao pia huendesha upande wa kushoto, na ukaguzi wao wa lazima hulifanya gari lenye umri liwe ghali kulitunza, hivyo wenyewe huliachia lingali na nguvu. Kampuni kama Be Forward, iliyoanzishwa na Hironori Yamakawa mwaka 2004, zimejenga biashara kubwa kwa kuuza magari hayo Afrika kwa intaneti. Stika ya kampuni hiyo imebandikwa kwenye vioo vya magari mengi kiasi kwamba watoto wa Ilala wanaisoma kabla hawajajifunza Kiingereza shuleni. Ukiuliza sura ya mwenye kampuni, hakuna anayeijua. Gari huchaguliwa kwenye simu, fedha hutumwa benki, na baada ya wiki kadhaa mtu anapokea funguo. Anakuwa mmiliki wa pili au wa tatu, na yule aliyeliunda hajui kwamba yeye yupo.

Hapa ndipo sifa za wakuu wa magari zinapogeuka kuwa suala la uhai wa watu.

Tarehe 24 Februari 2010, Akio Toyoda, mjukuu wa mwanzilishi wa Toyota, aliketi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani na kuomba radhi kwa magari yaliyolaumiwa kuongeza kasi yenyewe. Kampuni ilikuwa imeyaita magari zaidi ya milioni nane yarudishwe kurekebishwa. Tarehe 3 Juni 2024 aliinama tena mbele ya kamera, safari hii kwa sababu ya vipimo vya usalama vilivyofanywa kinyume cha utaratibu, na kati ya magari yaliyositishwa kutolewa kiwandani ilikuwamo Corolla Fielder, jina linalofahamika vizuri katika yadi za Dar es Salaam. Japani, kuinama huko kuna uzito wake, na si haki kukuchukulia kama maigizo. Lakini radhi ilielekezwa kwa wateja ambao majina yao yako kwenye daftari la kampuni. Mwenye Fielder ya mtumba wa Magomeni hayumo.

Mfano mchungu kuliko yote ni wa Takata, kampuni ya Kijapani iliyotengeneza eabegi kwa ajili ya Honda, Toyota, Nissan, Mazda na viwanda vingine vingi. Ndani ya eabegi zake mlikuwa na kemikali ya amoniamu naitreti, inayolipuka ili kuujaza mfuko hewa gari linapogonga. Wataalamu waligundua kwamba kemikali hiyo huharibika kwa miaka ikikaa kwenye joto na unyevunyevu, na ikishaharibika hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, kopo la chuma linapasuka na vipande vyake vinamrukia dereva usoni na shingoni. Watu zaidi ya ishirini wamekufa Marekani pekee. Malaysia, nchi ya joto na mvua, nayo imezika watu wake. Mwenyekiti wa Takata, Shigehisa Takada, aliomba radhi hadharani mwaka 2015, na Juni 2017 kampuni ikafilisika.

Joto na unyevunyevu kwa miaka mingi: hayo ndiyo maelezo ya hali ya hewa ya Dar es Salaam kuanzia Januari hadi Desemba. Na magari yetu ni ya umri ule ule. Mmiliki wa kwanza, aliyeko Osaka au Yokohama, aliandikiwa barua akaitwa gereji kubadilishiwa eabegi bila malipo. Kama alikwenda, vyema. Kama gari lilikuwa limekwisha kupakiwa melini, barua ilifika kwenye nyumba ambayo haina gari tena, na aliyekaa nyuma ya usukani ule leo, akivuka Jangwani asubuhi na abiria wake, hajaambiwa neno.

Hili linarekebishika, na halihitaji kiongozi wa kiwanda asafiri kuja kuinama Dar es Salaam. Namba ya chasisi ya kila gari linalosajiliwa Tanzania imeandikwa kwenye kadi ya gari, na Mamlaka ya Mapato (TRA) inayo kwenye kumbukumbu zake. Watengenezaji wa Japani wana kurasa kwenye intaneti ambako namba hiyo hiyo ikiingizwa huonyesha kama gari liliitwa na kama lilirekebishwa. Ni orodha mbili za namba zile zile, zikisubiri kuwekwa pamoja. TBS, inayosimamia viwango, inakagua magari ya mtumba. Inaweza kuliongeza swali hilo katika ukaguzi na kumzuia muuzaji ambaye gari lake lina deni la kiwandani. Mawakala walioruhusiwa kuuza magari mapya kwa jina la kiwanda wanaweza kutakiwa kulihudumia pia lililokuja limetumika, kwa gharama ya kiwanda hicho, maana nembo iliyo mbele ya gari ni ile ile. Na hadi siku hiyo ifike, mwenye gari anaweza kuchukua kadi yake, kumpa kijana mwenye simu nzuri pale Gerezani, na kumwomba amsomee.